Upimaji usioharibu

Ukanda wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, unavuka mpaka na kufika Musongati, Burundi. Musongati madini yako karibu na uso wa ardhi. Kabanga yako chini sana, ndiyo maana mgodi uliopangwa huko ni wa chini ya ardhi.

Katika migodi ya namna hiyo, kuta na paa la njia hufunikwa kwa zege la kunyunyizwa, linalorushwa kwa nguvu ya hewa likashika mwamba. Mtambo wa kwanza wa kurusha saruji ulibuniwa Chicago mwaka 1907 na Mmarekani Carl Akeley.

Zege likishakuwa gumu, mhandisi ana maswali mawili: lina unene wa kutosha? Limeshika mwamba? Akichoronga na kutoa kipande, anapata jibu la sehemu ile moja tu, na tundu analoacha linahitaji kuzibwa. Upimaji usioharibu humwezesha kuukagua ukuta mzima ukiwa bado umebeba mwamba.

Njia kongwe ni nyundo na sikio. Zege lililoshika hutoa mlio mkali, safi; lililobanduka huvuma, na debe tupu haliachi kuvuma. Vifaa vya kisasa hupima mwangwi wa pigo kama hilo. Wimbi la mgandamizo hupita kwenye zege kwa kasi ya takribani mita 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo tabaka la sentimita 10 hulivuka na kurudi kwa sehemu 50 za milioni ya sekunde. Mwangwi mkali kutoka nyuma ya zege huashiria uwazi. Rada nayo hutumika, ila nyuzi na nyavu za chuma huivuruga.

Kwa nini upimaji huu tusiuite wa “bila kugusa”? Kwa sababu nyundo inagusa. “Bila kutoboa” nayo inataja njia moja tu ya kuharibu. “Usioharibu” inataja sharti lenyewe: baada ya kupimwa, zege liendelee na kazi yake.

Hata hivyo kuchoronga hakuachwi kabisa. Kasi ya wimbi hutofautiana kati ya mchanganyiko na mchanganyiko, kwa hiyo vipande vichache hutolewa kwanza ili vifaa virekebishwe kwa zege la mgodi huohuo.