Kupanda na Kushuka kwa Land Rover: Historia ya Ufundi wa Kuunda Magari Upya Usangu

Kuunda gari upya ni kulitoa kwenye kazi lililotengenezewa kiwandani na kulitia kwenye kazi nyingine kwa msumeno, mashine ya kuchomelea na spea za magari mengine. Vijana wa California walianza kulifanya hilo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Walinunua Ford chakavu za bei nafuu, wakavua madigadi na kila bati lisilo la lazima, wakatia injini yenye nguvu zaidi na kulaza bodi karibu na ardhi ili gari litulie kwenye mwendo mkali. Gari la namna hiyo ndilo hotirodi. Usangu, bonde lililo chini ya milima ya Kipengere na Uporoto, ufundi huo huo ulielekezwa juu: gari lilipandishwa, likakazwa, likafundishwa kubeba mpunga kwenye tope.

Kwa sadfa, mwaka 1948 ni mwaka mkubwa kwa pande zote mbili. Januari lilitoka Los Angeles toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, lililoanzishwa na Robert Petersen. Aprili 30, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza. Chuma wakati huo kiligawiwa kwa kibali Uingereza, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Chesesi ilikuwa ya chuma, mabamba yaliyochomelewa yakafanya boksi refu. Fundi wa kijijini alipata faida kotekote: bodi hailiwi na kutu na hufunguliwa kwa spana kipande kwa kipande, na chesesi inakatika na kuungika.

Tanganyika yenyewe ilikuwa imeshaona gari likibadilishwa kazi kwa kiwango cha kutisha. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulikosa matrekta ya kung'olea visiki. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikavua minara na mizinga, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Hayakufaulu, na mpango wote ukaachwa mwaka 1951.

Usangu haikuwa na vifaru. Ilikuwa na maji ya mito ishukayo Ruaha Mkuu, na udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika hung'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko. Wabulushi waliolowea upande wa Rujewa walikuwa wakilima mpunga wa kumwagilia tangu kabla ya uhuru. Ubaruku iko katika ukanda huo huo, wilaya ya leo ya Mbarali, nje ya barabara kuu. Huko nje ya barabara ndiko ufundi wa Usangu ulikokulia.

Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini ya mafuta. Malori yakaanza kupita Iringa na Mbeya mchana na usiku, yakipeleka mapipa ya mafuta Zambia na kurudi na shaba, katika barabara ya vumbi ambayo madereva wa Kizungu waliifananisha na jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kusafirisha mafuta mwaka 1968. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Ndani ya miaka kumi tu Usangu ilizungukwa na njia za kisasa, lakini ukiiacha lami ya Igawa au Chimala na kuelekea mashambani, kilomita ya kwanza tu ilikurudisha kwenye tope.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 shamba la taifa la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China, hekta zaidi ya 3,000, likawekwa chini ya shirika la NAFCO. Shamba la ukubwa huo haliendi bila karakana: matrekta, mashine za kuvunia, pampu, malori. Vijana wa vijiji vya jirani walioshika spana mahali pa namna hiyo walijifunza kitu ambacho gereji ya mjini hufundisha kwa shida, nacho ni kukaa bila spea. Mafunzo hayo yalihitajika upesi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta viliikausha nchi fedha za kigeni. Kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku, na gasketi ya kichwa cha injini ikawa kitu cha kuombewa barua. Gari bovu halikutupwa. Liliegeshwa nyuma ya gereji likachinjwa, kipande hiki kikienda huku na kile kule, hadi magari matatu yakazaa moja linalotembea.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kumiminika, na nyuma yake injini zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Hapo ndipo Land Rover ya 109, yaani ile yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilipoanza maisha yake ya pili. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu kiwandani, na baada ya miaka 20 ya vumbi hata hizo zilikuwa za kusimuliwa. Injini ya dizeli ya Toyota, Nissan au Isuzu ilipatikana kwa urahisi zaidi na haikusumbua kuwaka asubuhi ya baridi.

Kazi ya kubadili injini inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayomtenga fundi na mtu mwenye spana. Gia boksi ya Land Rover imefungwa pamoja na boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwa hiyo ukiiondoa umeondoa uwezo wote wa gari porini. Inabaki. Injini ya Kijapani haina matundu yanayolingana nayo, basi fundi hukata bamba nene la chuma na kulitoboa mara mbili, matundu ya injini upande huu na ya gia boksi upande ule. Ugumu wote uko katikati ya bamba. Shafti ya gia boksi lazima iingie katikati ya flaiwili barabara. Ikipotoka unene wa ukucha, klachi italia na beringi haitamaliza msimu. Kisha hukatwa vishikio vya injini kutoka kwenye chesesi na kuchomelewa vipya. Hapo kuna mtego mwingine: difu ya mbele ya Land Rover haiko katikati, imekaa upande wa kulia, na sampu pana inaweza kuigonga gari likitumbukia shimoni. Fundi asiyekumbuka hilo hukumbushwa na oili iliyomwagika shambani. Baada ya hayo bado kuna kadi ya gari, yenye namba ya chesesi na namba ya injini, na injini mpya isiyoandikwa humo ni hoja ya kila kizuizi cha trafiki.

Gari likishapata injini, hupandishwa. Majani ya springi huongezwa, mara nyingi kutoka kwenye lori kubwa zaidi, yakakatwa kwa urefu na kufungwa kwa yubolti mpya. Likiwa tupu gari hilo hurusha abiria kama ungo. Likipakiwa magunia ya mpunga hulala sawasawa, na mwenye mali huridhika. Kwa mtazamo wa ufundi, kuongeza majani bila kukaza chesesi ni kuhamisha ugonjwa: springi haivunjiki tena, chesesi ndiyo hupasuka nyuma ya mahali springi iliposhikiziwa.

Lingeshushwaje gari kama hilo kuwa la lami? Wapo wanaofanya hivyo Uingereza na Marekani kwa Land Rover na Land Cruiser kuukuu, na kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kwenye magari mengi madogo ya mizigo springi za nyuma hukaa juu ya ekseli, kwa hiyo fundi huigeuza ekseli ikae juu ya springi, na gari hushuka mara moja kwa kimo kizuri. Land Rover ya zamani haitoi njia hiyo. Ekseli yake tayari iko juu ya springi tangu kiwandani. Ukiigeuza, gari linapanda. Kinachobaki ni kupunguza majani au kuyanyoosha upinde, na yakinyooka ekseli huanza kugonga chesesi. Ndipo chesesi hukatwa kwa umbo la nusu mwezi juu ya ekseli na kutiwa bamba la kuimarisha. Wengine huacha chesesi kabisa na kuketisha ile bodi ya aluminiamu juu ya chesesi ya gari dogo.

Hata hivyo difu huwa haijashuka. Kupunguza springi hushusha bodi na chesesi peke yake. Ekseli nzima hubebwa na magurudumu, kwa hiyo kimo cha difu kutoka ardhini huamuliwa na tairi. Tairi la 7.50-16 la Land Rover lina kipenyo cha karibu sentimita 81. Likiwekwa la barabarani la 205/65 la inchi 15, lenye sentimita 65 hivi, difu hushuka sentimita 8. Tairi dogo nalo hula mwendo, kwani kila mzunguko mmoja sasa hukimbia pungufu kwa sehemu ya tano. Difu ya Land Rover ya zamani ina uwiano wa 4.7, uliopangwa kwa kuvuta. Wanaotaka mwendo huweka ya Range Rover yenye 3.54, ambayo kwenye tairi dogo hurudisha kilichopotea na kuongeza kidogo tu. Ndiyo maana hotirodi ya kweli itokanayo na gari la porini huishia na injini, gia boksi na ekseli zote za gari jingine, na kinachobaki cha gari la kwanza ni sura.

Kwa barabara ya Iringa hadi Mbeya gari hilo lingekuwa na adui mwingine. Kila mji mdogo uliozaliwa kando ya lami umewekewa matuta, na kabla ya tuta kuna rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo. Magari yaliyoshushwa ya vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huyapanda matuta kwa mshazari, tairi moja moja, foleni ikisubiri nyuma. Mafundi wa Arusha wamechagua njia isiyogusa kimo: hukata chesesi ya Land Cruiser katikati, hurefusha, huongeza viti na kutia paa linaloinuka, gari likawa la watalii. Jiji hilo ndilo lililokusanya Land Rover kwa mamia katika tamasha la Oktoba 2024, miaka minane baada ya Defender ya mwisho ya muundo wa zamani kutoka kiwanda cha Solihull, Januari 29, 2016.

Huku Usangu, wakati huo, mzigo ulikuwa umeshahamia kwingine. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa kwa wingi. Kwenye jaruba pawatila hulima. Mavuno yakianza, jembe lake huvuliwa, tela hufungwa nyuma, dereva huketi mbele ya magunia akishika mikono mirefu miwili ya pawatila. Ni gari la chini kuliko lolote lililotangulia, na hupita palepale Land Rover ilipokwama. Kwenye njia kavu kati ya mashine za kukoboa na barabara kuu, kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo, imechukua sehemu nyingine ya kazi, nayo haijasalimika: huongezwa majani ya springi wiki ile ile inaponunuliwa.

Land Rover isiyofaa tena kuwaka huuzwa kwa vipande. Aluminiamu huenda kwa wanunuzi wa skrepa na kuyeyushwa. Ekseli ya nyuma ndiyo inayobaki kijijini, kwa sababu ya siri moja ya muundo wake: magurudumu yamekaa kwenye beringi zilizoko juu ya gamba lenyewe la ekseli, na shafti za ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Bolti sita zikifunguliwa kila upande, shafti huchomolewa kama upanga kwenye ala, na magurudumu hubaki yakizunguka bila kushikiliwa na difu. Tundu hufunikwa kwa kipande cha bati kilichokatwa duara ili vumbi lisiingie kwenye grisi, nguzo mbili za mti hufungwa kwa yubolti zile zile za springi, mbao hupigiliwa juu, na mkokoteni uko tayari kwa ng'ombe wawili.