Asili ya Borstal

Wanafunzi wengi wa Kenya wamelisikia neno Borstal. Wanajua kuwa ni mahali wapelekwapo wavulana waliovunja sheria: Shikusa, upande wa Kakamega, au Shimo la Tewa, upande wa Mombasa. Wachache ndio wajuao kwamba neno hilo ni jina la kijiji. Kijiji hicho kiko Kent, katika Uingereza, karibu na mji wa Rochester, na habari yake yafaa ianzie katika msitu usio mbali na hapo.

Mwezi wa Machi, 1831, mvulana wa miaka 13 aitwaye Richard Taylor alikuwa akirudi nyumbani na shilingi tisa alizotumwa na baba yake kuzipokea. John Any Bird Bell, mvulana wa miaka 14, alimvizia msituni, akamchoma kisu cha shingo, akazitwaa fedha zile. Aliyemshuhudia mbele ya hakimu alikuwa ndugu yake mwenyewe, mdogo kwake. Tarehe 1 Agosti mwaka ule ule Bell akanyongwa nje ya gereza la Maidstone, na maelfu ya watu wakikodoa macho. Wengi waandikao juu ya kisa hiki humlilia Bell tu, wakamsahau Richard, ambaye naye alikuwa mtoto, na ambaye hakuwa na kosa lo lote. Mimi sipendi kumsahau. Lakini kitanzi hakikumrudisha Richard kwa baba yake, wala umati ule haukujifunza kitu isipokuwa kutazama mtoto akifa.

Katika zama hizo sheria haikutenga sana mtoto na mtu mzima. Watoto walifungwa pamoja na wezi wakongwe, wakafundishwa nao kazi yao; wengine walipakiwa merikebuni kupelekwa Australia. Mwaka 1838 serikali ikafungua gereza la wavulana peke yao huko Parkhurst, katika kisiwa cha Wight, na watu wakaona ni hatua kubwa. Hata hivyo wavulana hao mwanzoni walitiwa vyuma miguuni. Jina lilikuwa jipya, jela ilikuwa ile ile.

Mtu aliyelisema jambo hili waziwazi alikuwa bibi mmoja wa Bristol, Mary Carpenter, binti wa mchungaji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1851 alishikilia kwamba mtoto mhalifu ni mtoto kwanza, na kwamba ahitaji malezi mahali pa pingu. Tena hakuishia katika maneno, bali alifungua shule, moja wapo ikiwa ya wasichana. Mwaka 1854 Bunge likakubali kuwako kwa shule za namna hiyo, ila likaweka sharti la ajabu: mtoto akae gerezani kwanza, si chini ya siku 14, ndipo apelekwe shuleni. Ni kama kumgaagaza mtoto matopeni ili apate kuogeshwa.

Sasa twarudi kijijini. Mwaka 1902 Evelyn Ruggles-Brise, aliyekuwa mkuu wa magereza ya Uingereza, aliwakusanya vijana katika gereza la Borstal ili wafunzwe kazi na nidhamu mbali na wafungwa wazima. Sheria ya 1908 iliuthibitisha mpango huo, na jina la kijiji likawa jina la mpango wenyewe. Mwaka huo huo sheria nyingine ilikataza kumhukumu kifo mtu aliye chini ya miaka 16. Mwaka 1933 umri huo ukapandishwa hata 18. Bell angalizaliwa karne moja baadaye, asingalinyongwa.

Borstal za kwanza zilikuwa na gwaride jingi na askari wenye sare. Alexander Paterson, aliyeingia katika uongozi wa magereza mwaka 1922, ndiye aliyeleta walimu wasiovaa sare, akawagawanya vijana katika mabweni kama shule. Ndipo, mwaka 1930, likatukia jambo ambalo wakubwa wengi wangaliliita wazimu. William Llewellin alitoka Feltham, karibu na London, na kikundi cha wavulana wa Borstal, wakaenda kwa miguu siku nyingi mpaka Lowdham, katika Nottinghamshire. Hawakufungwa minyororo. Walipofika walipiga mahema, wakaanza kujijengea nyumba zao wenyewe mahali pasipo ukuta. Kijana aliyekwisha ambiwa na kila mtu kwamba haaminiki alipewa nyundo na matofali, na njia ya kutorokea ilikuwa wazi mbele yake mchana kutwa.

Matunda ya miaka hiyo hayakudumu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana waliotoka Borstal na kurudia uhalifu walizidi kuwa wengi, na imani ya watu ikapungua. Sheria ya 1982 ikaufuta mpango wote katika Uingereza, hata na jina.

Kenya ilikuwa imekwisha lipokea. Sheria yetu ya Borstal ni ya mwaka 1963. Yahusu vijana wa miaka 15 hata chini ya 18, na muda wake ni miaka mitatu. Mama aliyeuawa mwanawe atauliza miaka mitatu ni kitu gani mbele ya kaburi. Swali lake ni la haki, wala hatujibiwi na tarakimu. Jibu lategemea miaka hiyo yapitaje: kama ilivyopita Parkhurst, au kama ilivyopita Lowdham.

Kuhusu walio wadogo zaidi, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilisema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa mhalifu. Kabla ya hapo umri huo ulikuwa miaka 8.