Tuna Anga, Nafasi Je?

Mwaka wa pili chuoni, mwalimu wa hisabati aliingia darasani, akaandika ubaoni neno moja la Kiingereza, "space", kisha akatuambia tusahau roketi. Kwa mwanahisabati, alisema, neno hilo ni mkusanyiko wa vitu pamoja na kanuni za jinsi vitu hivyo vinavyohusiana. Basi. Hakuna nyota wala mwezi. Nikaandika daftarini: nafasi ni vitu na uhusiano wao. Muhula uliofuata karo ilikosekana, nikapoteza nafasi yangu.

Umeona hapo? Neno ni lilelile, lakini maana imeshahama. Kwetu nafasi ni upana wa chumba, ni wakati ("leo sina nafasi"), na ni bahati ya kupata kazi au shule. Wanaanga wanakokwenda ni anga za juu. Kilicho katikati ya meno ni mwanya. Waingereza wamerundika mengi ya haya kwenye neno moja, ndiyo maana mwanafizikia, mchoraji na mwanahisabati wanaweza kupiga gumzo usiku kucha wakidhani wanaongea kitu kimoja. Kumbe kila mmoja ana yake, na kila moja ina historia.

Tuanze na Aristotle. Kwake, mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka, kama mtungi unavyozunguka maji. Utupu mtupu hauwezi kuwapo. Isaac Newton akaja na picha tofauti kabisa katika kitabu chake cha 1687: nafasi ni kama ghala kubwa lisilo na kuta. Vitu vinaingia, vinatoka, lenyewe limetulia tu, halijali.

Gottfried Leibniz hakukubali. Mwaka wa 1715 na 1716 alibishana kwa barua na Samuel Clarke, aliyekuwa akimtetea Newton, hadi kifo kikakatiza mjadala. Leibniz alisema nafasi si ghala, ni mpangilio wa vitu vilivyopo kwa pamoja. Mimi nauelewa hivi: fikiria ujomba. Ujomba upo, na harusini unautambua bila kuonyeshwa. Lakini ukimwondoa mjomba na wapwa zake wote, hubaki na ujomba mtupu umekaa kwenye kona.

Wachoraji wa Florence walikuwa wameshaanza ugomvi wao mapema zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi alionyesha jinsi ya kuchora jengo kwenye ubao bapa likaonekana lina kina. Mwaka wa 1435 Leon Battista Alberti akaandika kanuni zake: uchukulie mchoro kama dirisha, na mistari inayokwenda mbali ikutane kwenye nukta moja. Simama kwenye daraja la waendao kwa miguu juu ya Thika Road utaona wanachosema. Kule mbali, barabara pana inakwisha kama ncha ya sindano.

Lakini hiyo ni nafasi ya jicho moja lililosimama mahali pamoja. Nenda kwenye nyumba za mawe za zamani kule Lamu. Unaanzia kwenye daka pale mlangoni, unaingia kiwandani, uwanja wa katikati, ndipo ufike misana, na mwisho ndani kabisa, penye zile zidaka za chokaa ukutani. Mgeni wa biashara anaishia nje. Ndugu anasonga. Hapo umbali wa mlango na chumba cha ndani unategemea wewe ni nani kwa mwenye nyumba. Leibniz angekaa barazani akatabasamu.

Sasa wenye hesabu. Euclid alituachia jiometri ambayo ndani yake mistari sambamba haikutani, na kwa takriban miaka 2,000 watu walijasho kuthibitisha kanuni yake ya tano kutokana na zile nyingine. Ikagoma. Nikolai Lobachevsky mwaka wa 1829, na János Bolyai mwaka wa 1832, wakachapisha jiometri zisizofuata kanuni hiyo, na hakuna kilichobomoka. Kisha tarehe 10 Juni 1854, kule Göttingen, Bernhard Riemann akasimama kutoa mhadhara. Alikuwa na miaka 27, umri ambao hapa mjini bado unaulizwa utaoa lini. Alisema nafasi inaweza kuwa na vipimo vingi kuliko urefu, upana na kimo, na inaweza kupinda hapa kuliko pale. Hii yetu ikoje? Hatuwezi kujua kwa kufikiri tu, lazima tupime.

Vipimo vingi si uchawi. Chukua nyimbo zilizo kwenye simu yako. Kasi ya wimbo ni namba ya kwanza, urefu wake ya pili, uzito wa besi ya tatu, endelea hivyo hadi kumi. Kila wimbo sasa ni nukta katika nafasi ya vipimo kumi. Nyimbo mbili zinaweza kuwa majirani bila kukaa popote duniani. Ndicho alichomaanisha mwalimu wangu.

Albert Einstein alipokamilisha nadharia yake mwaka wa 1915, hesabu za Riemann zilikuwa zinamsubiri. Uzito wa vitu, alisema, hupinda nafasi na wakati. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na wenzake walikuwa Sobral, Brazil. Walipima mwanga wa nyota ukipita karibu na jua. Ulikuwa umepinda. Ghala la Newton likaanza kuvuja.

Halafu hadithi inafika kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, iliruka setilaiti ya NASA. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta: mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure kuelekea mashariki, na mashariki ni bahari tupu. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, kwa hivyo setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta eksirei kutoka kwenye nyota, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Ilichunguza Cygnus X-1, na vipimo vyake vikasaidia kuonyesha kwamba pale pana shimo jeusi, mahali ambapo nafasi imepinda hadi mwanga hautoki.

Roketi ya mwisho iliruka kutoka pale mwaka wa 1988. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Kutoka California. Ikweta bado iko kwetu, bahari bado iko. Anga tunayo, shida ni nafasi.

Nilipotoka chuoni nilikaa muda mrefu nikifikiri kama Newton: kwamba kiti changu kiko pale, kitupu, kinaningoja. Wapi! Kuna mtu alishakikalia. Nilichokuwa nacho kilikuwa wenzangu watatu tuliokuwa tukipigana na maswali hadi saa sita usiku, na hao hawakufutwa na barua yoyote. Mmoja bado hunitumia karatasi za mitihani kwa simu. Jana ametuma moja, swali la nne ni la Riemann. Keja yangu ni futi kumi kwa kumi, meza haitoshi. Nimekaa kitandani, daftari magotini, nalifanya.