Ekzosi ya Buna

Kaskazini mwa Kenya, gari husikika kabla ya kuonekana. Nchi ni tambarare, miti ni mifupi, na usiku hakuna kelele nyingi za kushindana na injini. Taa hazijatokea bado, lakini aliyelala nje ya nyumba ameshajua: hilo ni lori la mifugo, hiyo ni pikapu ya miraa, ile ni Land Cruiser ya serikali. Huyo mtu hakusomea ufundi. Anachosikiliza ni bomba la moshi, yaani ekzosi, pamoja na lile sanduku la kupunguza mlio tunaloliita sailensa.

Sisi wa Nairobi tukisikia neno ekzosi tunafikiria mbwembwe. Tunafikiria nganya inayonguruma kwenye stage, au kijana wa Subaru anayepasua mlio Thika Road saa saba usiku mpaka watoto wa mtaa mzima wanaamka. Lakini nenda nayo hadi Buna, kaunti ya Wajir, kwenye ile barabara ya vumbi ya Wajir kwenda Moyale, utakuta ekzosi ina historia nyingine. Kule watu hawaulizi gari la nani lina mlio mkali zaidi. Wanauliza nani anakuja. Fundi anayekata na kuchomelea bomba uani kwake ana mkono wake katika jibu la swali hilo.

Tuanze mbali kidogo, na hiki kifaa chenyewe. Injini ikichoma mafuta, valvu hufunguka na gesi ya moto hutoka kwa shinikizo kubwa. Kila mara valvu inapofunguka kuna mpasuko mmoja. Mipasuko hiyo ikifuatana haraka, ndiyo unasikia mngurumo. Sailensa huipitisha gesi kwenye vyumba na mabomba yenye matundu ili mawimbi ya sauti yagongane na kupunguzana nguvu. Huko Marekani, Milton Reeves na nduguye Marshall walipata hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka 1897, katika mji wa Columbus, jimbo la Indiana.

Ila jina linalonivutia zaidi ni Maxim. Hiram Maxim, baba, ndiye aliyebuni bunduki ya Maxim katika miaka ya 1880, ile iliyosaidia Waingereza kuitwaa Afrika Mashariki. Lugard alikuwa nayo Mengo, Uganda, Januari 1892. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, na kampuni yake ikatengeneza pia sailensa za injini. Baba alileta mlio uliotisha bara zima, mwana akauza kimya. Tangu mwanzo, basi, suala la kelele na suala la nani ana nguvu yamekaa nyumba moja.

Buna iliingia katika hadithi hii mwaka 1940. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni, na wiki chache baadaye majeshi yake kutoka Ethiopia yakaizingira ngome ya Moyale, iliyoshikiliwa na kikosi kidogo cha King's African Rifles, ile KAR waliyotumikia babu za wengi wetu. Jitihada za kuwaokoa zilishindikana. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai, askari wale wakaponyoka gizani. Walipona kwa sababu hawakusikika. Kufikia mwisho wa mwezi Waitaliano walikuwa wamefika Debel na Buna, karibu kilomita 97 kutoka mpakani. Februari 1941 mambo yaligeuka. Majeshi ya Afrika Kusini, yaliyokuja na malori na magari ya deraya, yaliteka Mega, ng'ambo ya mpaka, na siku chache baadaye Moyale nayo ikakombolewa.

Vitabu vya vita vinahesabu vikosi na kilomita. Mimi huwa najiuliza kuhusu mfugaji wa Buna ambaye hakuulizwa lolote na upande wowote. Kwake yeye, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa ngurumo iliyotoka kaskazini, ikakaa miezi kadhaa, kisha ngurumo nyingine ikaifukuza. Hakuwa na ramani, ila masikio alikuwa nayo.

Hata kabla ya vita, injini haikuwa sauti ya kawaida huko. Serikali ya kikoloni iliifunga Northern Frontier District kwa sheria ya mwaka 1902, kisha ikaongeza nyingine mwaka 1934. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Katika nchi iliyofungwa namna hiyo, gari lilikuwa la serikali, au la mfanyabiashara ambaye serikali imemkubali. Ukisikia mlio unajua kwamba kuna mtu anakuja kununua, au kuna mtu anakuja kudai.

Uhuru haukuubadilisha mlio huo haraka. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini-mashariki, na vita vya shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Kenya na Somalia ya Oktoba 1967. Mabomu ya ardhini yalitegwa barabarani. Malori yalisafiri kwa msafara, mbele askari, nyuma askari. Sheria za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi 1991. Nusu ya wanaosoma makala haya walikuwa hawajazaliwa, nusu nyingine walikuwa Nairobi wakidhani Kenya yote inaishi chini ya sheria moja.

Halafu kuna Februari 1984. Wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi waliuawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Manusura wamesema siku zote kwamba waliokufa ni mamia, wengine wanasema maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya mwaka 2013. Mtu aliyepitia operesheni ya 1984, au aliyelelewa na mama aliyeipitia, hasikii lori la usiku kama unavyolisikia wewe. Wewe unasikia usafiri. Yeye kwanza anahesabu: ni moja au mengi? Linapunguza mwendo au linapita?

Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani nilipokaa uani kwa fundi mmoja wa Buna, mzee wa makamo, nikimtazama akitengeneza ekzosi ya lori la mbuzi. Dereva alikuwa kijana. Kwa Kisomali, baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana adeer wote wawili, basi mazungumzo yalikuwa adeer kwa adeer.

"Adeer, nataka isikike."

"Isikike na nani, adeer? Na askari wa kizuizi, ama na watoto waliolala?"

Kijana alicheka, kisha akasema kitu ambacho nilikiandika palepale: "Isikike ni mimi."

Ekzosi ya zamani ilikuwa imepasuliwa na mawe ya barabara. Ya dukani, ya kiwandani, ingetoka Nairobi, ingechukua siku na kula faida ya safari nzima. Kwa hiyo fundi alichukua waya mnene, akalala chini ya lori na kuukunja waya kufuata njia ya bomba, kutoka kwenye manifoldi, kando ya giaboksi, juu ya ekseli. Waya ukawa ndio mchoro. Kisha akatafuta bomba. Kuna njia mbili za kupata kona bila mashine ya kukunja. Ya kwanza ni kujaza bomba mchanga mkavu, kuziba pande zote, kulipasha kwa gesi na kulikunja taratibu. Mchanga huzuia bomba lisibonyee. Ya pili ni kulikata vipande vyembamba kama vya keki, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, na kuviunga kimoja baada ya kingine hadi kona itokee. Yeye alitumia ya pili. Grainda na weldi vilikuwa vinakula umeme wa jenereta, na kila dakika ilikuwa ni mafuta, kwa hiyo alipima mara tatu kabla ya kukata mara moja.

Sailensa aliitoa kwenye bati la pipa la mafuta. Ndani aliweka bomba alilolitoboa matundu kwa drili, akalizungushia pamba ya chuma, akafunika na kuchomelea. Mwisho wa bomba aliuelekeza juu, nyuma ya kebini, ili lisigonge mawe wala kuzama maji laga zikijaa. Alipomaliza, aliwasha injini, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa na kupitisha kiganja karibu na kila kiungo akitafuta pumzi inayovuja. Hapo hakuna mchezo. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu; ikivuja chini ya kebini, dereva na taniboi wanaweza kulala na wasiamke.

Yapo mambo mawili ambayo fundi huyo anayajua na kijana wa Subaru angefaidika nayo. Kwanza, bomba pana mno kwenye injini ndogo isiyo na tabo huongeza kelele na kupunguza nguvu ya mwendo wa chini, na kwenye mchanga ni nguvu hiyo inayokutoa. Pili, bomba la maji lililopakwa zinki lisichomelewe kabla zinki haijakwanguliwa. Mafusho yake huleta homa na kutetemeka. Mafundi wengi husema dawa yake ni maziwa, na kaskazini maziwa ya ngamia hayakosekani, lakini maziwa hayazuii mafusho kuingia kwenye mapafu. Kinachozuia ni kukwangua, kuvaa barakoa na kufanya kazi penye upepo.

Zamani mtu kama yeye asingekaa hivi katikati ya wateja wanaomheshimu. Wasomali walikuwa na Tumal, Waborana walikuwa na tumtu, watu wa kufua chuma. Walitengeneza visu, mikuki na mashoka, na kila mtu alizihitaji kazi zao, lakini koo nyingine hazikuoana nao. Kisu chao kilikubalika, binti yao hakuolewa. Dharau hiyo haijafutika kabisa katika ndoa. Kwenye gereji lakini mambo ni mengine: lori likikwama, hakuna anayeuliza ukoo wa mwenye weldi.

Serikali nayo ilichelewa kuwaona watu wa chuma. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyowafanya wakubwa wakiri kwamba mafundi wasio na leseni wala paa ni sehemu ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akawaahidi vibanda vya kujikinga na jua, na jina jua kali likapanda hadhi hadi kwenye nyaraka za serikali. Kule Buna, fundi wangu alikuwa na mti wa mgunga na kipande cha turubai.

Sasa tuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na sheria ya barabarani inataka kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Naziunga mkono. Mtoto wa Umoja au South B ana haki ya kulala. Ila kanuni hupima ukubwa wa sauti tu. Hazina namna ya kupima sauti hiyo imebeba nini. Matatu inayopasua mlio mjini inasema: niangalieni. Kijana wa lori la mbuzi alikuwa anasema: msiogope, ni mimi. Fundi alimwelewa. Aliipunguza sauti hadi ikawa nzito na ya chini, akaacha mkoromo kidogo unaposhusha gia, alama ambayo mama yake kijana na majirani wangeizoea baada ya safari mbili tatu.

Historia ya kaskazini imeandikwa kwa tarehe za sheria, za vita na za mauaji, na nimezitumia hapa kwa sababu bila hizo huwezi kuelewa kwa nini mkoromo wa gia ni jambo la maana. Lakini wazee waliosikia malori ya 1984 wanazeeka, na wale wa 1940 karibu wote wametangulia. Ukiwa na bibi au babu kutoka Wajir, Moyale, Mandera au Garissa, usimuulize tu aliona nini. Muulize alisikia nini, akajuaje ni nani, na akafanya nini kabla gari halijafika. Andika majibu, hata kama ni kwenye simu.