Kulea Watoto kwa Miguu: Njia za Kongolo Tangu Zamani

Siku hizi wazazi wengi wa Kongolo wanasema: mtu asiye na motokari hawezi kulea watoto muzuri. Sisi walimu tunaona inafaa kuangalia kwanza historia yetu. Hapa kwetu karibu kila mtu mzima alilelewa bila motokari, na hao ndio waliotulea sisi.

Wakati wa wazee, Wahemba, Waluba na Wasonge walikuwa na njia mbili: njia ya miguu na mto Lualaba. Mama alifunga mtoto mu mgongo na kitambaa, akaweka kikapu ku kichwa, akaenda shamba. Dada mkubwa alibeba mdogo wake. Mu bwato mtoto alijifunza kutulia na kuangalia maji mbele ya kushika kasia. Chini ya Kongolo mto unabanwa na mawe, pale Wazungu walipaita Milango ya Jehanamu, na bwato haipite. Basi mtoto alijua mapema wapi mtu anapanda, wapi anashuka na kutembea.

Halafu reli ikafika. Mwaka 1911 treni ya CFL ilikuwa inatoka Kindu paka Kongolo. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mwaka 1939 daraja la Kongolo likavusha reli Lualaba. Lakini treni haikuingia mu vijiji. Tangu 1917 Wabelgiji walianza kulazimisha watu wa Kongo kulima pamba, na familia zikabeba mizigo ku kichwa paka sokoni, watoto nao. Kwa hiyo tusisifu njia ya miguu bila kipimo: mara nyingi ilikuwa mateso.

Vita ya 1998 ilipoanza, treni ilisimama miaka. Hapo kinga ikawa motokari yetu. Wababa walisukuma kinga siku na siku na mafuta ya ngazi, wakarudi na chumvi, sabuni na daftari za watoto. Kinga ilibeba mwanafunzi, ikabeba pia mgonjwa, kama kipoyi cha zamani. Na mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku, mu mvua, juu ya kinga? Wengine hawakufika lopitali. Hatuwezi kuita jambo hilo desturi. Barabara, na motokari ya kubeba wagonjwa, ni haki ya kuomba kwa serikali bila kuchoka.

Sasa, ni nini kilicholea mtoto mu njia? Haikuwa miguu peke yake. Ilikuwa watu. Mtoto alikutana na mzee, akasimama, akasalimia kwa heshima. Mzee akamuuliza: «Unatoka wapi? Wewe mtoto wa nani? Mama anajua uko huku?» Hakuna mzazi aliyekasirika juu ya hiyo. Ni vile mtoto alijifunza ukoo wake, mipaka ya mashamba, miti ya dawa na majina ya wafu. Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana.

Leo pikipiki inapita mbio na watoto watatu, wane wa masomo juu yake. Haisimame, hawasalimie mtu. Na mtoto anayetembea, watu wanaogopa kumuuliza, juu mzazi atasema: «Inakuhusu nini?» Hapo ndipo hasara iko. Tukipata motokari kesho, hasara hiyo itabaki, kama haturudishie wazee ruhusa yao.

Tunawaomba wazazi jambo moja lisilolipiwa hata franka. Watu wa avenyu moja wapatane: kila asubuhi mkubwa mmoja, kwa zamu, asindikize watoto wote paka ku masomo. Wakubwa washike wadogo mkono, wasalimie kila mtu wanayemkuta. Na mzee akiuliza mtoto swali mu njia, tumshukuru. Anatusaidia kulea.