Ujumbe Uliovishwa Chenga za Kamera

Katika steganografia, taaluma ya kuficha ujumbe ndani ya kitu kisichotiliwa shaka, jicho la binadamu ni hakimu mbovu. Mwaka 2001 Andreas Westfeld alichapisha F5, mbinu ya kuficha ujumbe ndani ya picha za JPEG. Picha ya aina hiyo hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba hugeuzwa kuwa koefisienti 64 zinazokadiriwa hadi namba kamili. F5 ilipunguza ukubwa wa baadhi ya namba hizo kwa moja tu. Hakuna jicho lililoona kitu. Mwaka uliofuata, Jessica Fridrich wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, pamoja na wenzake, walikata pikseli 4 pembeni mwa picha, wakaibana upya, na mgawanyo wa namba ukarudi karibu na ule wa asili. Kulinganisha tu kukaonyesha sifuri zilizozidi. Siri ikaumbuka.

Nadai kwamba swali la "badiliko ni dogo kiasi gani?" ndilo lililowapoteza wengi. Linalofaa kuulizwa ni kama badiliko hilo lingeweza kufanywa na kamera yenyewe.

Kamera hukosea kila mara, ila hukosea kwa kanuni. Fotoni huangukia kihisi kama matone ya mvua juu ya bati: palipo na mwanga mwingi, hesabu huyumba zaidi. Kuyumba huko ndiko huonekana pichani kama chenga. Ukipandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, chenga huongezeka. Hapo ndipo Patrick Bas wa Ufaransa alipopata mlango mwaka 2016: chukua picha ya ISO ndogo, itie ujumbe uliokwisha kusimbwa, kwa kipimo kitakachofanya chenga zake zilingane na za ISO kubwa. Mchunguzi ataona picha ya ISO kubwa, basi.

Kazi huwa ngumu picha inapobanwa. Katika kamera nyingi kila pikseli hupima rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu. Mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani. Kwa hiyo kosa la pikseli moja huambukiza jirani zake, hata ng'ambo ya mpaka wa mraba. Anayebadili kila koefisienti kana kwamba haina ndugu huzalisha chenga ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzizaa. Mbinu za karibuni hukokotoa kwanza uhusiano wa chenga kati ya mraba na miraba inayouzunguka. Wengine huiona hesabu hiyo kuwa nakshi. Mimi naiona kuwa ndiyo mbinu yenyewe.

Wanaosema haya ni mambo ya maabara hawajakosea sana. Inahitajika faili ghafi ya kamera, na nakala ya asili lazima ifutwe, maana mwenye hiyo na ile yenye ujumbe atazilinganisha. Picha yenye ujumbe ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa tena njiani na ujumbe huharibika. Na kwa picha ya simu iliyokwisha kusafishwa chenga na programu yake, mbinu hii haina pa kujificha.