Hela ya zahanati inakaa kwa nani?

Wadau, tukianza kuzungumzia bima ya afya huwa tunabishana nani alipe. Leo nina swali jingine: hela ikishalipwa, inakaa kwa nani?

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilibeba jukumu la kutibu watu bure, na zahanati zikasambaa vijijini. Kufika miaka ya 1980 hazina ilikuwa hoi. Majengo yapo, dawa hakuna. Julai 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia hospitali kubwa. Kwa vijijini, mwaka 1996 wilayani Igunga, Tabora, ukaanza Mfuko wa Afya ya Jamii, ule tunaouita CHF. Kaya inalipa mara moja, inatibiwa mwaka mzima, na serikali inaongeza kiasi kilekile kilichochangwa. Ndiyo ile "tele kwa tele". Sheria yake ikapitishwa 2001 na halmashauri nyingine zikafuata.

Kwenye karatasi, safi kabisa. Ila fedha zilikaa kwenye akaunti ya wilaya. Mganga wa zahanati aliyeishiwa glavu ilibidi aandike maombi, kisha asubiri vikao na manunuzi ya halmashauri. Mama mwenye kadi mkononi anaambiwa akanunue dawa dukani. Tena kadi yenyewe kwa kawaida ilikuwa haivuki kituo ulichojiandikisha. Halafu watu wasiporudi kulipa mwaka wa pili tunasema hawana elimu ya bima. Elimu gani jamani? Mtu kalipa, dawa hakupata, kapiga hesabu zake.

Mageuzi ninayoyapa uzito mimi hayakupigiwa ngoma. Mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo, zahanati zikiwemo. Kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani, ikapanga matumizi. (Mganga huyohuyo mwenye foleni mlangoni akajikuta pia mhasibu, lakini hilo ni tatizo la mwenye hela.)

2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, na rufaa mpaka hospitali ya mkoa. 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mijadala mingi niliyoisikia ni ya viwango vya kuchangia. Bado namtafuta anayeuliza: mgonjwa akishatibiwa, malipo yatafika zahanati baada ya siku ngapi?